Kuishi karibu na chuo au kusafiri kila siku: nipime vipi?

MgeniWaJiji

Habari zenu, ndugu zangu. Nimepata nafasi ya kusoma katika chuo kikuu kilicho katikati ya jiji, na kwa kuwa mabweni yake hayatoshi, wengi wetu wa mwaka wa kwanza tunalazimika kujitafutia vyumba mitaani. Nimebakiwa na vyumba vitatu vya kuchagua, na kinachovitofautisha hasa si ukubwa wala uzuri, bali ni namna ya kufika darasani.

Chumba cha kwanza ni cha kutembea kwa miguu, kama dakika 25 hivi, lakini kodi yake itanibana kila mwezi. Cha pili kiko pembezoni mwa jiji, kilomita 12 kutoka chuoni, kodi yake ni nusu ya kile cha kwanza, na lipo basi la moja kwa moja linalopita mbele ya lango kuu. Cha tatu kiko kilomita 6, kodi yake ni ya wastani, ila kwa basi ni lazima kushuka njiani na kupanda jingine.

Siku tatu za juma vipindi vyangu vinaanza saa mbili asubuhi, na siku mbili nina maabara inayokwisha saa tatu usiku. Gari sina. Yupo mwenzangu mwenye gari anayependekeza tuchangie mafuta, wapo wanaonishauri baiskeli, na wapo wanaosema bodaboda ndiyo suluhisho la foleni. Naomba wenye uzoefu, au wanaouelewa usafiri wa mijini, wanisaidie namna ya kupima. Tafadhali nisijibiwe tu kwamba niishi karibu, maana hilo nalijua. Ninalotaka kujua ni kwamba kuishi mbali kutanigharimu nini hasa, na kama gharama hiyo inaweza kupunguzwa.

Mpanga_Ratiba

Mdogo wangu, hongera kwa nafasi uliyopata. Kazi yangu ni kupanga ratiba za mabasi ya mjini, kwa hiyo nitasema upande huo tu, na mengine nitawaachia wenzangu.

Watu wakiulizana safari inachukua muda gani, jibu wanalopeana ni la siku njema: hakuna mvua, hakuna ajali barabarani, na basi limekuja mara tu walipofika kituoni. Wewe usipange kwa siku hiyo. Uliza siku mbaya ikoje. Safari ya dakika 50 ambayo ikiharibika inafika 60 inamfaa mwanafunzi kuliko ya dakika 35 ambayo mara moja kila juma hugeuka kuwa ya dakika 80, kwa sababu hiyo ya pili, kwa kuwa hujui itageuka siku gani, itakulazimu uondoke nyumbani kila asubuhi kana kwamba ni ya dakika 80. Ndiyo maana wanaofika chuoni mapema mno na wanaochelewa mno mara nyingi huwa wanatumia njia ileile ya basi.

Kinachoiharibu safari ya basi, zaidi ya foleni yenyewe, ni mabasi kuja kwa makundi. Basi likichelewa kidogo hukuta abiria wengi zaidi kituoni. Wengi hao huchukua muda kupanda, nalo huzidi kuchelewa. Lile linalofuata hukuta vituo vimeachwa vitupu, hupita haraka, na mwishowe mawili yanatembea pamoja kama yaliyofungwa kamba. Watafiti Gordon Newell na Renfrey Potts walilieleza jambo hili kwa hesabu mwaka 1964, na hadi leo sisi tulio kazini tunapambana nalo. Athari yake kwa abiria ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Chukua njia yenye mabasi 6 kwa saa. Yakija kwa mpangilio, moja kila dakika 10, mtu anayefika kituoni wakati wowote atasubiri wastani wa dakika 5. Yakija mawili mawili kila dakika 20, idadi ya mabasi haijabadilika hata kidogo, lakini wastani wa kusubiri umekuwa dakika 10, tena la kwanza litakuwa limejaa na la pili lina viti. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba mabasi ni mengi, mwulize yanakujaje.

Tulete hayo kwenye vyumba vyako. Chumba cha tatu ndicho kinachonitia shaka, kwa sababu kubadilisha basi kunakutia katika mashaka mawili badala ya moja, na basi la kwanza likichelewa kidogo linaweza kukukosesha la pili kabisa. Wapangaji wa usafiri huihesabu dakika ya kusubiri kuwa nzito kuliko dakika ya kukaa ndani ya basi, mara nyingi kwa kiasi cha mara moja na nusu hadi mara mbili, kwa kuwa ndivyo abiria wenyewe wanavyoonyesha kwa uchaguzi wao. Hata hivyo kuna swali ambalo hukulijibu: mahali pa kubadilishia ni wapi? Kama pako kilomita mbili au chini ya hapo kutoka chuoni, basi la pili si la lazima. Mtu mzima mwenye afya hutembea karibu kilomita 5 kwa saa, na dakika 20 za miguu ambazo zina uhakika zinazishinda dakika 8 za basi usilojua litakuja lini.

Chumba cha pili kinategemea mambo mawili ambayo ramani haiwezi kukuonyesha. La kwanza ni kama kituo chako kiko karibu na mwanzo wa njia. Anayepandia mwanzoni hupata kiti na anaweza kusoma. Anayepandia katikati asubuhi anaweza kuangalia mabasi mawili yaliyojaa yakimpita, na hapo kusubiri kwake si kwa basi la kwanza bali ni kwa la kwanza linalopandika. La pili ni kama basi hilo lina njia yake barabarani au linashiriki foleni na magari mengine. Curitiba ya Brazili ilianza kuyapa mabasi njia zake mwaka 1974, na Bogotá ya Kolombia ikafuata mwaka 2000 kwa mtandao wake wa TransMilenio. Sababu ya miji mingi kuiga ni hiyohiyo ninayokueleza, kwamba basi lenye njia yake halikimbii tu, linatabirika. Kilomita 12 kwa basi la namna hiyo na kilomita 12 kwa basi lililo ndani ya foleni ni safari mbili tofauti kabisa, hata kama nauli ni moja.

Daftari_la_Mezani

Nakubaliana na aliyetangulia, ila nataka kuongeza hesabu ya fedha, kwa kuwa mwuliza swali ametaja kodi peke yake, na kodi peke yake hupotosha. Shirika la Center for Neighborhood Technology la Chicago lilianza mwaka 2006 kuzijumlisha gharama za nyumba na za usafiri katika hesabu moja, na badala ya ule utaratibu wa zamani wa kusema nyumba isizidi asilimia 30 ya kipato, likapendekeza nyumba na usafiri kwa pamoja visizidi asilimia 45. Kwa mwanafunzi asilimia hizo huenda zisikae sawa, lakini wazo lenyewe linamfaa: kodi na nauli ni mfuko mmoja.

Andika kodi ya kila chumba kwa mwezi. Ongeza nauli ya kwenda na kurudi, mara idadi ya siku ambazo kweli utakwenda chuoni, na wala si siku zote za juma. Kisha ongeza fungu ambalo watu hulisahau, yaani nauli ya dharura: zile siku utakazopanda teksi au bodaboda kwa sababu umechelewa, umeugua, au mabasi yamekwisha. Kwa mtu mwenye maabara inayokwisha saa tatu usiku mara mbili kwa juma, fungu hilo si la bahati mbaya, ni la kudumu, na linaweza kula sehemu kubwa ya kile alichookoa kwenye kodi.

Halafu njoo kwenye muda. Ikiwa safari ya kilomita 12, pamoja na kutembea na kusubiri, ni saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, basi siku tano ni saa 10 kwa juma, na muhula wa majuma 15 ni saa 150. Chumba cha kwanza nacho si cha bure. Dakika 25 za kutembea kwenda na kurudi kwa siku tano ni zaidi ya saa 4 kwa juma. Tofauti halisi ni hiyo inayobaki, karibu saa 6 kwa juma. Gawanya fedha utakazookoa kwa saa hizo, upate kila saa moja unaiuza kwa kiasi gani, kisha linganisha na malipo ya kazi ndogondogo ambazo mwanafunzi anaweza kuzipata. Ukiona unaiuza saa kwa bei ya kutupa, umejibiwa. Ukiona bei ni nzuri, na hasa kama utakuwa na kiti cha kusomea, chumba cha mbali si upumbavu kama wengine wanavyodai.

Jambo moja zaidi, la haraka: Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma. Ukitembea haraka kutoka kile chumba cha kwanza, unayapita hayo bila kulipia ukumbi wa mazoezi.

Kanyaga_Twende

Ninashangaa kwamba majibu mawili marefu yamepita na baiskeli haijatajwa. Kilomita 6 ndiyo baiskeli yenyewe! Mwendo wa kawaida wa mtu asiyeshindana na mtu ni kama kilomita 15 kwa saa, kwa hiyo kilomita 6 ni dakika 24, tuseme 30 ukijumlisha makutano na taa. Na kwa kuwa Mpanga_Ratiba amesisitiza uhakika, napenda kumkumbusha kwamba baiskeli haina kundi wala kituo, na foleni inayomchelewesha mwenye basi kwa nusu saa humchelewesha mwendesha baiskeli kwa dakika chache tu.

Hata hivyo sitaki kukuvutia kwa nusu ya habari. Kabla ya kukubali chumba kwa ajili ya baiskeli, kagua barabara yenyewe. Njia fupi kuliko zote mara nyingi ndiyo barabara kuu yenye malori, na njia nzuri ni ile iliyorefuka kwa kilomita moja ikapita mitaa ya ndani yenye mwendo mdogo. Hatari inayoua waendesha baiskeli mijini kwa namna ya pekee ni lori au basi kubwa linalokata kona huku baiskeli iko ubavuni mwake, kwa sababu pale ubavuni dereva ana eneo ambalo vioo vyake havilioni. Usipenye kati ya gari kubwa na ukingo wa barabara hata kama nafasi ipo na taa ni nyekundu; kaa nyuma yake. Pia acha nafasi ya mlango uliofunguliwa unapopita magari yaliyoegeshwa. Taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma si mapambo, hasa kwako wewe mwenye kurudi usiku.

Wizi ndio utakaokusumbua zaidi kuliko pancha. Kufuli la chuma lenye umbo la herufi U linapaswa kushika fremu, gurudumu la nyuma na nguzo iliyosimikwa imara ardhini, vyote vitatu kwa pamoja. Waya mwembamba wenye kufuli unakatwa kwa koleo kwa muda mfupi sana, na ukifunga gurudumu la mbele peke yake utalikuta hilo gurudumu tu. Uliza chuo kama kina sehemu ya baiskeli yenye mlinzi au iliyo mbele ya watu, maana sehemu iliyojificha nyuma ya jengo inamfaa mwizi kuliko mwenye mali. Usinunue baiskeli mpya inayong'aa. Nunua iliyotumika, yenye breki nzuri, madigadi, na keria ya kufungia mzigo, kwa sababu begi likikaa kwenye keria mgongo haulowi jasho, na nusu ya malalamiko ya kufika darasani ukinuka yanakwisha hapo. Nusu nyingine inakwisha kwa kuendesha taratibu na kuweka shati la kubadilisha.

Mvua kubwa ni mvua kubwa. Siku hiyo panda basi, na wala usiione baiskeli kuwa imekuangusha. Waholanzi, ambao husifiwa kwa baiskeli, hawazitumii peke yake: kituo kikuu cha treni cha Utrecht kina maegesho ya baiskeli 12,500 yaliyokamilika mwaka 2019, na watu wengi huko huendesha hadi kituoni, hupanda treni, na wengine huwa na baiskeli ya pili iliyochakaa inayowasubiri katika mji wanakoshuka.

Dada_wa_Maabara

Nimesoma yote kwa makini na naona kila mmoja amejibu zaidi kuhusu asubuhi. Mdogo wetu amesema wazi kwamba siku mbili anamaliza saa tatu usiku. Mimi nilisoma fani yenye maabara za usiku, na naweza kusema kwamba usafiri wa mwanafunzi hupimwa kwa safari ya kurudi kuliko ya kwenda. Asubuhi ukichelewa unapoteza kipindi. Usiku ukikwama, uko kituoni peke yako.

Ratiba ya usiku ni ratiba nyingine kabisa. Njia yenye basi kila dakika 10 mchana inaweza kuwa na moja kila dakika 40 baada ya saa mbili, na ile ya moja kwa moja unayoisifia inaweza kuwa imekwisha kabisa kabla hujafunga daftari. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza kuhusu chumba cha pili ni basi la mwisho linapita langoni saa ngapi, na swali la pili ni lile linalotangulia hilo la mwisho linapita saa ngapi, kwa kuwa haifai kutegemea la mwisho peke yake. Maabara huchelewa, kifaa hugoma, mwalimu hurefusha maelezo. Ukiwa na dakika 10 tu kati ya mwisho wa maabara na basi la mwisho, huna basi.

Kuhusu kutembea, dakika 20 za mchana na dakika 20 za usiku hazilingani, na kwa wasichana hilo halihitaji maelezo. Tembea njia hiyo usiku ukiwa na mtu kabla ya kulipa kodi, uone kama taa za barabarani zinawaka na kama kuna maduka yaliyo wazi. Vyuo vingi vina gari dogo la usiku au walinzi wanaosindikiza wanafunzi hadi kituoni, lakini huduma hizo hazitangazwi sana. Waulize wanafunzi wa mwaka wa tatu badala ya kusubiri kuzikuta kwenye kitabu cha mwongozo.

Bodaboda siikatazi, kwa sababu ipo siku itakuwa ndiyo njia pekee, ila siyo usafiri wa kuujengea ratiba. Uchunguzi uliojumlisha tafiti nyingi ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa aliyepata ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Hizo ni faida kubwa, lakini zisome na upande wa pili: hatari iliyobaki bado ni kubwa. Ukiona utahitaji bodaboda mara mbili kwa juma kila juma, nunua kofia yako mwenyewe inayokutosha na kufungika kidevuni, kwa sababu ile ya abiria wote hulegea, na kofia iliyolegea hutoka kichwani kabla ya kichwa kufika chini. Mjue pia dereva mmoja au wawili wanaoaminika, wala usipande wa kwanza anayesimama.

Na huyo rafiki mwenye gari? Kuchangia mafuta ni jambo jema endapo ratiba zenu zinafanana kwa siku zote tano, jambo ambalo ni nadra. Kama ana maabara pamoja nawe, basi mchangie kwa hizo siku mbili za usiku tu, na muelewane mapema kuhusu kiasi, muda wa kusubiriana, na itakuwaje akiugua. Urafiki mwingi wa mwaka wa kwanza umevunjika kwenye kiti cha mbele cha gari.

Ofisi_ya_Zamani

Nilitumikia utawala wa chuo kwa miaka mingi, na kabla mwanafunzi hajafungua pochi kwa ajili ya nauli huwa ninamshauri aulize kama hajailipia tayari. Katika vyuo vingi duniani ada ya muhula hubeba ndani yake kibali cha usafiri, na wapo wanafunzi wanaomaliza mwaka bila kujua.

Mpango huo ulienea kwa kasi miaka ya 1990. Uholanzi ilianza mwaka 1991 kuwapa wanafunzi kadi ya kusafiri kwa gharama ya serikali. Treni zikajaa, na mwaka 1994 kila mwanafunzi ikabidi achague kadi ya siku za kazi au ya mwisho wa juma. Mwaka huohuo wa 1991 University of Washington ya Seattle ilianzisha kadi yake ya U-Pass, na wakati huohuo ikapandisha ada ya maegesho, yaani ilifungua mlango mmoja huku ikiubana mwingine. Huko Ujerumani wanafunzi wa vyuo vingi wanalipa wote, wapandao basi na wasiopanda, na kwa kuwa mzigo unagawanywa kwa wengi, fungu la kila mmoja huwa dogo kuliko tiketi ya kawaida. Tangu mwaka 2024 vyuo vingi huko vimehamia kwenye tiketi inayokubalika kwa usafiri wa mijini na treni za mikoani nchi nzima. University of California ya Los Angeles ilijaribu jambo la aina hiyo mwaka 2000, kitambulisho cha chuo kikawa ndiyo tiketi ya basi, na katika mwaka wa kwanza sehemu ya wanaokuja chuoni kwa basi iliongezeka kwa zaidi ya nusu.

Chuo hichohicho kilikuwa na Donald Shoup, mwalimu wa mipango miji, aliyepima magari yanavyozunguka kutafuta maegesho katika mtaa wa maduka ulio jirani na chuo, Westwood Village. Kila dereva alipoteza wastani wa dakika tatu na kidogo tu, lakini jumla yake kwa mwaka ilikuwa maili 950,000, karibu kilomita milioni moja na nusu za kuzunguka bila kwenda popote. Ninamtaja kwa ajili ya rafiki yako mwenye gari: katika chuo cha katikati ya jiji, gari hukufikisha karibu na chuo, na mara nyingi si chuoni.

Kwa hiyo uliza mambo matatu katika ofisi ya wanafunzi: kama kuna kibali cha muhula na kinashughulikia njia zipi, kama kina kikomo cha saa, kwa maana vingine havikubaliki asubuhi ya msongamano, na kama vikundi vya maabara vinaweza kubadilishwa mwanzoni mwa muhula. Hilo la mwisho watu hawaliombi, na mara nyingi linakubaliwa. Hata vyuo vyenyewe hufanya hivyo kwa kiwango kikubwa: kule Nijmegen, Uholanzi, vyuo vya eneo moja vilipishanisha saa za kuanza vipindi ili mabasi ya asubuhi yapumue.

MgeniWaJiji

Nawashukuru sana nyote, wakubwa zangu na wenzangu. Nimefuatilia mliyoniagiza. Mahali pa kubadilishia basi kutoka chumba cha tatu ni kilomita moja na nusu tu kutoka chuoni, kwa barabara yenye taa na maduka. Basi la moja kwa moja la chumba cha pili linakwisha saa mbili na nusu usiku, kwa hiyo siku za maabara halinisaidii kabisa. Kibali cha muhula kipo, kimo ndani ya ada, na kinakubalika saa zote. Ofisi imesema kikundi kimoja cha maabara cha usiku kinaweza kuhamishiwa mchana endapo nafasi itapatikana, kingine hapana.

Ninaelekea chumba cha tatu: baiskeli siku za kawaida, na usiku wa maabara nitembee hadi pale pa kubadilishia na kupanda basi moja tu. Je, kuna ninachokisahau? Na je, siku ya maabara niende na baiskeli asubuhi kisha niiache chuoni usiku kucha?

Mpanga_Ratiba

Umefanya kazi nzuri. Kwa kuwa kibali kimo ndani ya ada, nauli imetoka katika hesabu na chumba cha tatu kimepanda thamani. Mimi ningeongeza jambo moja: kabla ya kusaini, ijaribu safari ya asubuhi katika siku ya kazi ambayo vyuo na shule vimefunguliwa. Barabara za wakati wa likizo ni nyepesi na zitakudanganya. Jaribu na siku ya mvua, ukipata bahati ya kunyeshewa, kwa maana siku hiyo wote wenye baiskeli na pikipiki huhamia kwenye basi lako. Na kama mwenye nyumba atakubali, andikianeni mkataba wa muhula mmoja kwanza.

Kanyaga_Twende

Baiskeli usiilaze chuoni. Iliyolala nje usiku ndiyo inayoibwa, na asubuhi inayofuata itakulazimu kwenda kwa basi huku baiskeli iko upande wa pili. Siku za maabara nenda na urudi kwa basi. Ukitaka lazima kuendesha, ulizia chumba cha kuhifadhia ndani ya jengo la maabara lenyewe, kwa sababu mara nyingi kuna pembe chini ya ngazi ambayo fundi wa maabara anaweza kukuruhusu.

Dada_wa_Maabara

Omba huyo fundi wa maabara akwambie pia vipindi hukwisha saa ngapi kweli, wala si saa iliyoandikwa. Kisha tafuta nani katika kikundi chako anaelekea upande huohuo hadi mahali pa kubadilishia. Kilomita moja na nusu mkiwa watatu ni ya mazungumzo, na mkifahamiana juma la kwanza hamtahitaji kutafutana katikati ya muhula wakati kila mtu ana mitihani.